Hodhi Niliyoipatania Bei

Mume wangu alikuwa fundi mwashi aliyepanda akawa mkandarasi. Miaka ile ya themanini upande wa pwani wa Malindi ulikuwa ukijengwa usiku na mchana. Wataliano walinunua viwanja, wakataka nyumba za makuti zenye mabafu kama ya kwao, na yeye akawajengea. Mkono wake ulikuwa mzuri. Ukuta aliousimamisha ulisimama. Lakini kununua hakujua. Akitajiwa bei aliona haya kama bikira anayetajiwa mchumba, akatoa pesa upesi ili aondoke dukani.

Mimi nilizaliwa dukani. Baba yangu alitoka visiwa vya kaskazini na mzigo wa nguo, akafungua duka mji wa kale, na mimi nikakulia juu ya majora. Nilimwona akiuza na nilimwona akinunua. Kwa hiyo mume wangu alipotambua kwamba ulimi wangu unamwokolea fedha nyingi kuliko hesabu zake zote, akaanza kunichukua. Nikavaa buibui langu, nikapanda mbele kwenye pikapu, nikaenda kupatania vigae, makufuli, mabomba, masinki na milango. Jirani zangu walinionea kijicho. Walisema, "Huyu bwana wake hamfichi kitu, hata kazini huenda naye." Nami niliyapokea maneno hayo kama sifa. Nilikuwa na watoto wanne, nyumba ya kupanga, na mume anayenihitaji. Sikujua mwanamke aombe nini zaidi.

Siku moja, baada ya Idi, alinijia jikoni nikikuna nazi.

"Mama watoto," akasema, "nina mteja anataka hodhi ya maji moto."

"Ya kuogea?"

"Si ya kuogea tu. Ya kukaa. Maji yanapashwa, kuna mashine inayatibua yakatoka mapovu, mtu akakaa mpaka shingoni akapumzika."

Nilicheka mpaka nikaiacha mbuzi ya nazi. "Na joto hili? Mtu akae ndani ya maji moto apikwe kama muhogo?"

Hakucheka. Alisema, "Kila mtu na anachokipenda. Huyu aliviona hivyo huko alikokaa, na ameweka sharti. Bila hodhi hakuna mapatano."

"Mteja wa wapi?"

"Wa Kilifi. Nyumba iko juu, inatazama mkono wa bahari."

Neno "sharti" lilinipita sikioni bila kutua. Wateja wote walikuwa na masharti.

Tulianzia hapo hapo Malindi, kwa mtu aliyenunua vyombo vya hoteli moja iliyokuwa ikifumuliwa. Alikuwa nazo hodhi mbili uani, chini ya jua, kuku wamelala ndani yake. Niliinama nikapitisha kidole ukingoni, nikauona ufa umezibwa kwa gundi na kupakwa rangi juu. Nilimwuliza, "Bwana, hii ukiitia maji moto itakaa siku ngapi?" Akasema itakaa umri wa mtu. Nikamwambia basi huyo mtu ni mgonjwa. Tukaondoka.

Wa pili alikuwa Kilifi, mzee wa Kizungu aliyejenga mashua za faiba kando ya mkono wa bahari. Mume wangu alikuwa amesikia kwamba mtu huyo anaweza kumimina hodhi kwa kalibu kama amiminavyo mashua. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu. "Wewe simama huko. Wewe leta pesa kwanza." Nilimwambia kwa upole, "Shikamoo mzee. Sisi tumekuja kununua, hatukuja kuomba kazi." Akanitazama, akavua kofia, na tangu hapo akaniita "mama." Lakini hodhi yake ilikuwa chombo kitupu, haina mashine wala mabomba, na alitaka kulipwa yote kabla hajaanza. Nilimshauri mume wangu tuachane naye. Alishusha pumzi, akasema, "Nina haraka, mama watoto. Mteja hangoji." Nilimwambia muuzaji akijua una haraka amekwisha kukuvua nguo. Akaniitikia kama mwanafunzi.

Tukaenda Mombasa.

Duka lilikuwa uchochoroni nyuma ya barabara kubwa, lefu na lenye giza kama ghala. Mwenyewe alikuwa Mhindi mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni, Kiswahili chake cha mjini kabisa. Alitukaribisha kwa chai kabla hajauliza tunataka nini, nami nikajua nimekutana na mtu anayeijua kazi. Hodhi ilikuwa mwisho wa duka, juu ya mbao, rangi ya samawati kama yai la kunguru. Ilikuwa na viti vinne vilivyofinyangwa ndani yake, na vitundu vidogo pembeni vya kutokea mapovu. Nikiri kwamba ilikuwa nzuri. Sikuwa nimewahi kuona kitu kikubwa hivyo kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu kukaa bila kufanya lolote.

"Ingia, bibi," yule mwenye duka akaniambia. "Hodhi hainunuliwi kwa macho. Kaa uone mgongo unavyopokewa."

Niliona haya. Nilimtazama mume wangu, akasema, "Ingia, ujue ukubwa wake." Nikavua viatu, nikakusanya buibui, nikaingia, nikakaa ndani ya hodhi kavu katikati ya mabomba na mikebe ya rangi. Miguu yangu haikugusa upande wa pili.

"Mwenyewe atakayeitumia ni kimo hiki hiki?" akauliza mwenye duka.

"Yeye ni mrefu kidogo," mume wangu akajibu. "Na mwembamba. Itamfaa."

Alilisema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu. Nilidhani ni furaha ya kuipata bidhaa. Nilitoka, nikavaa viatu, nikaanza kazi.

Mwenye duka alitaja elfu arobaini na tano. Sikusema kitu. Baba yangu alikuwa akisema bei ya kwanza ni salamu, nawe huwezi kuikasirikia salamu. Nilizunguka ile hodhi taratibu. Nilipitisha kiganja chini ya ukingo wake, kikatoka cheusi kwa vumbi. Nikamwonyesha.

"Huyu mgeni amekaa sana kwako, bwana."

"Bibi, ni mali ya ng'ambo. Haiozi."

"Haiozi, lakini inakula nafasi. Nani Mombasa hii amekuja kuiuliza?"

Alicheka kidogo, akafuta miwani. Nikajua nimegusa penyewe. Nilikunywa chai yake mpaka nusu, nikauliza habari za biashara na za watoto wake, kisha nikamwuliza aliiagiza kwa ajili ya nani. Hakutaka kusema. Mwishowe akakubali kwamba kuna hoteli iliyomwagizisha kisha ikageuka, naye akabaki nayo kama mtu aliyeachiwa mtoto. Basi hapo nikamkamata. Nilimwambia sisi ndio wanunuzi pekee atakaowapata, na tukitoka nje ya mlango ule ataendelea kuipangusa vumbi mpaka wajukuu zake wairithi.

Akashuka. Nikanyamaza. Akashuka tena. Nikasimama, nikamwambia mume wangu twende, jua linatuwacha na feri ya Kilifi haingoji mtu. Mume wangu alisimama kwa shida, macho bado yako kwenye hodhi, hata nikambana mkono ili asiniharibie.

"Bibi, rudi ukae," mwenye duka akasema. "Utanifungisha duka wewe."

Tulikubaliana kwa kiasi kilichokaribia nusu ya ile bei ya kwanza. Bado nikamwongezea masharti yangu. Mabomba yote yawe juu yake. Lori lake ndilo lipeleke mpaka Kilifi. Fundi wake aende kuiunganisha na umeme, na baada ya miezi michache arudi kuikagua, bila malipo. Mwenye duka alishika kichwa. Alimwambia mume wangu, "Bwana, una bahati. Huyu bibi ni mali." Mume wangu akajibu, "Najua."

Njiani kurudi aliimba. Kwenye feri alininunulia korosho za moto, akanimenyea mwenyewe. Siku zilizofuata aliniletea pea ya kanga nzuri, akasema ni asante ya kazi yangu. Nilizivaa kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu, nikizungukazunguka watu wazione, nikijibu kila aliyeuliza kwamba bwana ndiye aliyeninunulia.

Miezi ikapita. Mume wangu akawa na kazi nyingi Kilifi. Alilala huko siku mbili, mara tatu, akirudi ananiletea samaki na maembe na hadithi za mafundi wavivu. Nilimhurumia.

Asubuhi moja nilisikia hodi. Alikuwa yule Mhindi wa Mombasa, miwani yake shingoni, na fundi wake nyuma amebeba sanduku la vifaa. Niliwakaribisha barazani, nikamtuma binti yangu alete maji.

"Bibi, tumekuja kama ulivyotaka," akasema. "Tulikuwa na shughuli Malindi, tukaona tupitie Kilifi kwanza tuikague hodhi yako. Iko salama. Ila mashine inapiga kelele kidogo, inataka kubadilishwa kifaa kimoja. Bibi wa nyumba akasema tumwone bwana mwenyewe huku Malindi."

"Bwana gani?"

"Mumewe."

"Mumewe nani?"

Akanitazama. Nilimwona akianza kuelewa kabla yangu. Aliishika miwani yake, akaivaa, akaivua.

"Yule uliyekuja naye dukani," akasema taratibu. "Bibi, mimi nilifikiri wajua. Yule bibi mwenyewe alituambia kwa furaha kwamba hodhi ile ndiyo mahari yake, na kwamba mke mkubwa ndiye aliyemchagulia."

Fundi aliinamisha kichwa akawa anafungua na kufunga sanduku lake. Maji yakaletwa, hakuna aliyeyanywa. Mwenye duka alisimama akasema, "Nisamehe, bibi. Mimi ni mfanyabiashara, sikujua naingia nyumbani mwa watu." Nilimwambia hana kosa. Kweli hakuwa nalo. Alitimiza kila nililomtaka.

Kesho yake nilipanda basi na kaka yangu mpaka Kilifi. Sikumwambia tunakwenda kwa nani mpaka tuliposhuka. Nyumba haikuwa ngumu kuipata, kila mtu aliijua, nyumba mpya ya juu. Nilimwacha kaka yangu nje, nikapiga hodi.

Alifungua mwenyewe. Alikuwa mrefu, mwembamba, wa makamo zaidi kuliko nilivyomfikiria usiku kucha. Mjane aliyekaa Arabuni na mumewe wa kwanza mpaka akafiwa. Niliposema mimi ni nani, uso wake uling'aa, akanishika mikono yote miwili.

"Dada! Karibu, karibu sana. Siku nyingi nakungoja uje. Kila nikimwambia akulete, ananiambia una watoto na una shughuli."

Alinikalisha, akaleta sharbati, akaleta halua. Sikuweza kutia kitu mdomoni. Aliendelea kusema, kwani alikuwa mtu mwenye maneno na alikuwa mpweke. Alisema alipoposwa alikataa mara mbili. Alisema, "Nilimwambia mimi siolewi kwa siri, nataka mke mkubwa ajue na aridhie. Na mahari sitaki pesa, pesa huliwa. Nataka hodhi kama niliyokuwa nayo kule, maana miguu yangu inaniuma tangu ujana. Akaniambia, kuridhia tu? Ameridhia mpaka mahari yako ameichagua yeye na kuipatania bei yeye. Wallahi nililia, dada. Nikasema, mke mwenza wa namna hii nampata wapi? Nikakutumia zile kanga. Zilikufaa?"

Nilisema zilinifaa.

Hapo ndipo aliponitazama vizuri. Akaweka gilasi chini.

"Dada," akasema. "Alikwambia?"

Niliitazama ile halua. Akajifunika uso kwa upande wa leso yake. Alisema, "Wallahi sikujua. Wallahi laadhim sikujua." Na nilimwamini. Laiti angalikuwa mwongo au mjeuri, ningalimpigia kelele majirani wajae, nirudi nyumbani na kifua chepesi. Lakini alikuwa mwanamke aliyeuliza swali la haki akapewa jibu la uongo, na jibu lenyewe lilikuwa mimi. Nilipotoka nilipita mlangoni mwa chumba ilimokuwa hodhi, imejengewa vigae kuizunguka. Vile vigae pia nilivipatania mimi.

Mume wangu aliporudi nilimngoja ale kwanza. Kisha nikamwambia nimetoka Kilifi. Akanawa mikono.

"Sasa unajua," akasema. "Nilikuwa nikitafuta wakati wa kukwambia."

"Ulinambia ni mteja."

"Kuna neno gani la uongo? Nilisema kuna mtu wa Kilifi anataka hodhi. Hukuniuliza zaidi."

"Ulimwambia nimeridhia."

"Uliingia ndani ya hodhi, ukakaa, ukapatana bei mpaka mwisho. Nikuite nini basi?"

Nilimtazama mtu huyu niliyemzalia watoto wanne. Hakuwa akinidhihaki. Alikuwa amelifikiria jambo hili, akalipanga tofali juu ya tofali, na kwake ukuta ulikuwa umesimama wima. Kuoa nilijua anaweza. Mama yangu aliolewa wa pili, na shangazi zangu waliishi na wake wenza, wengine wakipikiana. Angekuja akaniambia, ningelia, ningenuna, ningekwenda kwa mama mwezi mzima, kisha ningerudi. Lakini yeye alinichukua mimi mwenyewe nikamnunulie mahari. Kile nilichofunzwa na baba yangu, kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho si cha jikoni wala cha kitandani, alikitumia kujipunguzia bei ya mke.

Nilihamia kwa mama yangu Mambrui. Baada ya wiki kadhaa wazee wa pande mbili wakakaa kikao. Nilikaa nyuma ya pazia na mama, nikayaeleza yote. Nilieleza duka, mwenye duka, yale maneno "mrefu kidogo, mwembamba," nikaeleza zile kanga. Nilipomaliza, ami yake mume wangu akakohoa.

"Mwanangu," akasema, "nimekusikiliza. Kwani yeye amefanya haramu gani? Hakuoa? Nyumba zote mbili hazili?"

"Zinakula, ami."

"Basi shida ni hodhi?"

Mtu mmoja akacheka. Wengine wakamfuata, si kwa ubaya, kama watu waliokuwa wakihofia jambo kubwa wakakuta ni dogo. Ami akaendelea, naye sasa anatabasamu, nilisikia katika sauti yake. "Hata angekuletea wewe, ungeitia wapi? Maji ya mfereji yenyewe yaja kwa zamu." Wakacheka tena. Hata kaka yangu, aliyesimama nje ya nyumba ile Kilifi akaniona nikitoka, alicheka.

Nilijaribu mara nyingine kueleza. Nilisema sililii hodhi. Nilisema nimefanywa shahidi wa jambo nisilolijua. Lakini kila nilivyosema, neno lililobaki hewani lilikuwa hodhi, hodhi, na mwisho nikasikia masikioni mwangu mwenyewe kwamba nasema kama mtoto aliyenyimwa chombo cha kuchezea. Mama yangu akanigusa goti. "Nyamaza," akanong'ona. "Mwanamume akitaka kuoa hupita popote. Kapita kwako. Rudi kwa watoto wako."

Walimtoza faini ya kunipoza moyo. Alinunua godoro jipya na seti ya masufuria, akayaleta mwenyewe kwa pikapu. Safari hiyo alilipa alichoambiwa, nilijua kwa kutazama tu, maana masufuria yalikuwa mepesi. Nilipanda mbele, mahali pangu pa siku zote, na watu wa Mambrui walitoka kutuaga wakisema alhamdulillahi, mambo yamekwisha.

Nilirudi kwa sababu mtoto wa mwisho alikuwa bado analala akinitafuta. Mke mwenzangu alinitumia salamu kila mara, na mara moja alikuja na zawadi za watoto, tukakaa barazani tukaongea habari za mvua. Alikuwa mtu mwema. Sikuweza kumpenda, na sikuweza kumpa sababu. Mume wangu aligawa siku zake kwa haki kabisa, kwangu huku, kwake kule, na mjini wakamsifu kwa uadilifu. Jioni za zamu yangu alikaa mkekani akila, akinieleza kazi zake, nyumba ya nani imeezekwa na ya nani imekwama. Mara nyingine alisita, akaniangalia, akauliza, "Mbona siku hizi huna maneno?"

Nilimwongezea wali.